Mti wa Kumi na Tano

Picha yenyewe niliiazima. Mwalimu wa kigeni aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika chuo cha ualimu Kasulu alikuwa ameibandika ukutani, juu ya meza yake: bibi mmoja wa Kizungu, kofia nyekundu, miwani myeusi, amesimama katikati ya nguzo za mawe zisizo na paa, anacheka. Mimi nilikuwa nimekuja chuoni kwa mafunzo ya likizo, nikitokea shule ya msingi niliyokuwa nafundisha Kibondo, na sijawahi kuwa na adabu ya kupita penye picha bila kuuliza. Akaniambia huyo ni mama yake, siku alipotimiza miaka sitini. Yeye na dada yake walichanga nauli wakampeleka nchi ya mbali kutazama mahekalu ya kale, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akiyasoma vitabuni na kuyaota.

Nilicheka, wala si kwa ubaya. Kwetu mtu mzima haimbiwi kwa sababu amezaliwa. Huimbiwa akiolewa na akifa, basi. Lakini nilipokuwa narudi bwenini jioni ile ya kiangazi, moshi wa nyasi zilizochomwa umetanda mabondeni hadi vilima vikaonekana vinaelea, nikakumbuka kadi ya ukimbizi ya mama yangu. Ilisema amezaliwa mwaka 1933, na sisi tulikuwa mwaka 1993. Nikarudi mbio kuomba ile picha niende nayo nyumbani Jumamosi.

Mama alikuwa akiishi Heru Juu, mwendo wa mguu kutoka mjini, katika nyumba ya tofali mbichi aliyojengewa na baba yangu kabla baba hajafa. Alilima mihogo na maharage, na alikuwa mlokole wa kweli, wa kuungama mbele ya watu hata kosa la kumtazama jirani vibaya. Ulimi wake ulikuwa mkali. Sisi watoto wake alitupenda kwa kutulisha, kutuvika na kutusomesha. Maneno laini hakuwa nayo, au kama alikuwa nayo aliyaweka mahali tusipopajua. Mimi ndiye binti yake kitinda mimba, na hata mimi sikumbuki kuitwa jina la kubembelezwa.

Akaichukua picha, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Hawa wenye kofia wameruhusiwa kuingia?" akauliza.

"Ndani kabisa hapana, mama. Nasikia pana kamba. Unatazama kwa nje."

"Kumbe na wao," akasema, akanirudishia picha. Akachambua maharage kidogo. Kisha, bila kuinua uso: "Mimi hekalu langu ninalo. Na kama kadi inasema kweli, umri wa kuingia nimefika. Nipeleke."

Sikuwa na haja ya kuuliza ni wapi. Kila mtoto wake alikua akisikia habari ya nyumba ya ngoma.

Mama alizaliwa Burundi, katika kilima ambacho ukoo wao ulikuwa na kazi moja tu toka enzi za wafalme: kulinda ngoma mbili kuukuu ambazo hazikupigwa kamwe. Zilikuwa zimelala, ndivyo alivyosema, zimelala juu ya vitanda vyao katika nyumba ya nyasi, na babu yangu ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Mama alipokuwa mtoto wa kike mdogo alipewa kazi ya kufagia uwanja wa nyumba hiyo kila asubuhi. Alifagia kinyumenyume, akianzia kizingitini na kurudi nyuma hadi langoni, ili asiache alama hata moja ya mguu wake. Ndani hakuwahi kuingia. Mwanamke wa umri wa kuzaa haingii nyumba ile, na binti ambaye atakuja kuzaa haingii vilevile. Anaingia bibi aliyemaliza, aliyetimiza miaka sitini, na siku hiyo huingia peke yake.

Sitini hiyo haikuhesabiwa kwa kalenda. Kila baada ya miaka minne, mtama ukishavunwa, nyumba iliezekwa upya, na siku ya kumaliza kuezeka kilichomekwa kigingi kimoja cha mvumu kwenye ua. Mvumu ni mti wa jamii ya mkuyu, mbishi sana. Ukichomeka kigingi chake ardhini kinachipua, kinakuwa mti. Mtoto wa ukoo akizaliwa, anapewa mti wa karibu na mwaka wake. Mwanamke akitaka kujua kama amefika, anaenda kwenye mti wake, anahesabu iliyofuata. Ikitimia kumi na tano, anavua viatu.

Lakini kilichomvuta mama hakikuwa ngoma. Hilo nalisema kwa sababu wazee wa kanisa baadaye walilichanganya. Kilichomvuta kilikuwa sauti ya baba yake. Babu alikuwa mtu mgumu, wa kunyoosha kidole na kukohoa, hakuwasemesha watoto ila kwa amri. Asubuhi lakini, mama akiwa na fagio lake nje, alimsikia ndani ya nyumba ile akizungumza na ngoma. Alizungumza polepole, kwa upole, akicheka kidogo, akiuliza na kusubiri jibu. Sauti ile mama hakuwahi kuisikia nyumbani hata siku moja. Alitaka kuona ni nani aliyekuwa akipewa.

Basi tukafunga safari. Mwaka ule Burundi ilikuwa imetulia, watu waliokimbia zamani walikuwa wakivuka kwenda kutazama viwanja vyao na kurudi na habari. Tukapata vibali vyetu vya kupita. Mama alijitwika mtama, debe zima. Wageni wa nyumba ya ngoma hupeleka pombe ya mtama, na mama tangu aokoke hakuwahi kuigusa pombe wala kuibeba.

"Mimi nimebeba nafaka," alisema nilipomtania. "Wakiisaga, wakiiloweka, wakiifanya watakavyo, hayo ni mambo yao na Mungu."

Tulipanda lori la mizigo hadi Manyovu. Ukungu ulikuwa umekaa barabarani kiasi kwamba utingo alitangulia kwa miguu sehemu moja, na sisi juu ya magunia tukawa tunaona vichwa tu vya migomba. Mpakani wabadilisha fedha walitukimbilia wakiwa na mabunda yao, mama akawapita kana kwamba hawakuzaliwa. Alipovuka kizuizi alisimama. Nilidhani anaomba. Alikuwa anavuta hewa puani, mara tatu, nne, kisha akasema, "Wanachoma majani ya njegere," akaendelea kutembea.

Upande ule tulipata gari dogo hadi kituo cha misheni, tukalala kwa masista, na asubuhi tukaanza kupanda kwa miguu. Sijui niseme nini kuhusu njia ile. Nilitoka huko nikiwa na miaka sita, nimebebwa mgongoni, na niliyoyakumbuka yalikuwa mgongo wa mama na kelele za vyura. Sasa nilitembea mwenyewe, na bado niliona kama nimebebwa. Vilima vilikuwa vikifunguka kimoja nyuma ya kingine, vya bluu, kila kimoja hafifu kuliko cha mbele yake. Watu waliokuwa wakishuka na vikapu walitusalimia, "Amahoro," wakimtazama mama usoni kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, na mama aliitikia bila kusimama. Hakuuliza njia. Mahali pengine njia ilikuwa imehamishwa, shamba la mtu limepita juu yake, na yeye alikata katikati ya mihogo ya watu kwa sababu miguu yake ilikuwa inafuata njia ya zamani.

Nikaiona miti kwanza. Juu ya kilima kitupu, duara la miti mikubwa, myeusi, imefungamana vichwa. Kwa mbali ungesema ni msitu mdogo uliosahauliwa na mashoka. Tulipokaribia nikaona kwamba imesimama kwa mpango, mmoja baada ya mwingine, na kwamba ile ilikuwa ua. Ua wa nyumba, ambao vigingi vyake vilikataa kufa. Ndani yake palikuwa na baridi na njiwa na udongo mwekundu uliofagiwa, na katikati nyumba ya nyasi, ya duara, imeinama hadi chini, nyasi zake mpya bado zina rangi ya asali. Nilisimama pale na kumkumbuka yule bibi wa kofia nyekundu katikati ya nguzo zake. Nilimwonea huruma kidogo, maana nguzo zake hazikuwa na majani.

Mlinzi alitoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono. Alikuwa mtoto wa shangazi yake mama. Babu alipokufa bila mtoto wa kiume, kazi ilimwendea yeye. Huko kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Huitana muvyara, na hawaanzi salamu kabla ya kutukanana kidogo. Hawakuwa wameonana miaka ishirini na moja. Akamtazama mama toka miguuni hadi kichwani.

"Muvyara," akasema, "umezeeka kama kiazi kilichosahauliwa ghalani."

"Na wewe meno yako umemwazima nani?" mama akajibu.

Ndipo wakashikana mikono hadi viwikoni, wakakaa hivyo, na mimi nikageuka kutazama njiwa.

Mama alieleza shida yake. Mlinzi hakushangaa, alifurahi, akaita watu wa nyumbani kwake wapokee mtama. Kisha akasema, kama fundi anayeomba kipimo, "Haya, twende kwenye mti wako."

Mti wake ulikuwa kushoto kwa lango, una mapacha, shina limegawanyika kimo cha kifua. Mama yake alimwonyesha akiwa mdogo, na sasa sisi watatu kwa pamoja tusingeweza kuukumbatia. Mama aliweka kiganja juu ya gome. Halafu wakaanza kuuzunguka ua, mlinzi mbele, mama nyuma, kila mti anaugusa na kuutaja kwa hesabu ya kwao: rimwe, kabiri, gatatu. Miti ya kwanza ilikuwa mikubwa kama ule wake. Kadiri walivyoendelea ilipungua unene. Wa saba mama aliukumbuka, alikuwepo ulipochomekwa, akiwa na mimba yangu. Wa nane aliukumbuka. Wa tisa haukuwa wake tena. Ulichomekwa yeye akiwa tayari upande wa pili wa mpaka, anapalilia mihogo Heru Juu. Kuanzia hapo sauti yake ilishuka.

Mimi nafundisha hesabu darasa la nne. Nilikuwa nimeshahesabu kwa macho, na nilijua kabla yao.

Wa kumi na nne ulikuwa kijiti, umechomekwa kiangazi kile kile, umefungiwa kamba ya mgomba usiyumbe, una majani matatu. Baada yake palikuwa na nafasi tupu ya udongo mwekundu, halafu lango.

Mlinzi akatazama ile nafasi, akatazama miguu yake. "Kumi na nne, muvyara," akasema. Utani wote ulikuwa umemtoka.

Nilichomoa kadi kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeibeba kwenye pochi yangu ndani ya mfuko wa nailoni, kama mtu anayeenda kupokea mshahara. "Mjomba," nikamwambia, "hii hapa. Imeandikwa 1933. Ana miaka sitini kamili, serikali inasema."

Mjomba aliipokea kwa mikono miwili. Aliishika kichwa chini miguu juu na kuitazama kwa heshima kubwa. "Serikali imeandika?"

"Serikali."

"Basi mimi ni nani?" akasema, na niliona kwamba alikuwa anashukuru. Akaenda kwenye nyumba, akauinua mlango wa matete, akauegemeza kando.

Sitasahau. Ndani palikuwa na giza, na kutoka gizani ikaja harufu ya siagi ya zamani na ngozi na moshi. Ilinifikia hata mimi nilipokuwa nimesimama, mbali, mahali nilipoonyeshwa nisipite. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kizingitini. Alikuwa amekwisha kuvua viatu. Nilimwona akiinamisha kichwa kuchungulia, mama yangu, mwanamke asiyechungulia kitu, na uso wake ulikuwa wa msichana mwenye fagio.

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Nipe hiyo kadi," akamwambia mjomba.

Mama alijifunza kusoma kanisani, kwa ajili ya Biblia, na alisoma kadi kama anavyosoma Biblia, kwa kidole. Alipofika kwenye mwaka akaacha kidole pale.

"Karani hakuniuliza," akaniambia. "Foleni ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimetoka porini, siku sita, na wewe mgongoni una homa. Akanitazama usoni akaandika alichokiona. Hii miaka minne sikuzaliwa nayo. Niliipata njiani."

"Mama," nikasema, "ingia."

"Oya. Hapana."

"Ingia, mama! Mlango uko wazi. Mwenyewe amekufungulia. Nani atajua?"

Ndipo akageuka. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Kila asubuhi nilikuwa hapa peke yangu na fagio," akasema. "Mlango huu hauna kufuli. Kama ningetaka kuingia kwa kuiba, ningeingia nikiwa na miaka minane."

Mjomba alisubiri kidogo, kwa adabu, kama angebadili mawazo, kisha akaurudisha mlango wa matete mahali pake, polepole sana. Mama aliomba fagio. Akaanzia kizingitini, ameinama, anarudi nyuma, fagio linakwenda kushoto na kulia, na udongo mbele yake unabaki laini bila alama. Alikuwa na miaka hamsini na sita na magoti yanamsumbua, na hakukosea hatua. Alifuta nyayo zake, za mlinzi na zangu. Alipofika langoni akajinyoosha, akashika kiuno, akatazama uwanja wote.

"Miaka minne ni mingapi?" akasema. "Mtarudi kuezeka, nami nitarudi."

Tulikunywa chai ya chupa niliyoibeba, tukala maandazi nje ya ua. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe ya mama yangu. Kabla hatujaondoka mjomba alipanda kwenye ule mti wa mapacha, mzee yule bila meno, akakata tawi la unene wa kidole gumba, akalifunga kwa ganda la mgomba lenye maji. "Ukilipanda huko kwako," akamwambia, "usije ukasema ngoma zimehama."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Niandike ukweli, kwa kuwa mama aliungama yake yote na mimi sijawahi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimelipa nauli, nimelala sakafuni kwa masista, na yeye amefika mlangoni akarudi. Juu ya lori, karibu na Kasulu, nilimwambia kwamba ukaidi si wokovu. Nilimwambia kwamba amejinyima kwa ajili ya kijiti chenye majani matatu. Yeye alikuwa amekumbatia lile tawi lisivunjike, na vumbi lilimpaka nyusi.

Jumapili aliungama kanisani kwamba amekwenda kwenye nyumba ya ngoma. Wazee wakashtuka. Alipofika mahali pa kusema hakuingia, wakapumua na kuanza kumsifu Bwana, naye akainua mkono. "Sikuingia kwa sababu ya umri," akasema. "Msije mkadhani ni kwa sababu yenu."

Miezi michache baadaye vita vikarudi kule. Sina haja ya kusimulia. Kila aliyekuwa Kasulu au Kibondo miaka hiyo aliona barabara. Shuleni kwetu Kibondo tulifungua madarasa watu walale. Nilipita kati yao nikitafuta mzee asiye na meno, nikiuliza jina la kilima. Niliuliza miezi, na kambi zilipoanzishwa nikauliza kambini. Mara moja tu nilimpata mwanamke aliyetoka kilima cha jirani. Alisema walipokimbia hapakuwa na mtu aliyebaki kwenye miti ile, mlango ulikuwa umeegeshwa, na zaidi ya hapo hakugeuka nyuma kutazama. Mjomba hatukusikia habari zake tena.

Nilimpelekea mama habari hiyo. Niliogopa sana kumwambia, na nilipokuwa nasema nilikuwa nasikia yale maneno yangu ya juu ya lori. Alikuwa anamenya mihogo. Akamenya hadi ikaisha, akaosha kisu. Tawi lake lilikuwa limeota pembeni ya nyumba, limenifika kiunoni. Alilitazama, akasema tu kwamba mbuzi wa jirani wanalionea tamaa na nimsaidie kuliwekea miiba. Hakunikumbusha nilichosema. Angenikumbusha ningelala vizuri zaidi.

Miaka ikapita namna ile inavyopita ukiwa na kazi nyingi. Niliolewa, nikazaa. Mwaka 1997, mwezi wa nane, mama alinitumia ujumbe Kibondo kwa mtu wa basi: nije, nivae nguo safi, na mtoto nimwache kwa baba yake. Nilipofika Heru Juu nilimkuta amekwisha kuoga. Ilikuwa asubuhi, ukungu bado haujatoka mashambani, na migomba ilikuwa inadondosha maji. Nyumba yake ilikuwa na nyasi mpya juu. Aliezeka yeye na vijana wa kanisa, akawaambia paa linavuja. Sidhani kama liliwahi kuvuja.

Mvumu wake ulikuwa umeshapita mlango kwa urefu. Mama alikata tawi moja kwa panga, akalichonga ncha, akanipa nishike huku yeye anatoboa shimo kwa mtaimbo, hatua nne kutoka kwenye ule mti. Akalichomeka, akashindilia udongo kwa kisigino, akalifunga kamba ya mgomba.

"Kumi na tano," akasema. Akanitazama kuona kama mwalimu wa hesabu ana neno.

Akachukua fagio. Alianzia kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, akarudi nyuma polepole, kinyumenyume, akifuta nyayo za kuku, zake na zangu, hadi nilipokuwa nimesimama njiani. Akanikabidhi fagio. Akavua ndala. Uwanja ulikuwa laini mbele yetu, hauna alama, na yeye akaukanyaga, hatua moja moja, nami nikaona nyayo zake peke yake zikielekea mlangoni. Pale akapiga makofi matatu, taratibu, kama mtu anayebisha kwa wakubwa. Akainama, ingawa mlango wake ni mrefu na hana sababu ya kuinama. Akaingia, akaurudisha mlango.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na kitanda chake, meza, Biblia, taa ya chemli, picha ya baba yangu na magunia mawili ya maharage. Mimi nilikulia humo. Ningeweza kuitembea macho yakiwa yamefungwa.

Kisha nikamsikia anazungumza. Alizungumza Kirundi, kwa upole, polepole, akiuliza na kusubiri. Mara moja alicheka kidogo. Maneno hayakunifikia, ilinifikia sauti, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwa mama yangu, si siku ya homa, si siku ya harusi yangu. Alikuwa nayo miaka yote. Nilitaka kuingia kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nimwone alivyo akiwa anaitoa, nisimame mbele yake inipate na mimi.

Mlango haukuwa na kufuli. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na maziwa ya mtoto yalikuwa yamelowesha blauzi yangu safi. Nikaketi ukingoni mwa uwanja, nje ya mahali palipofagiwa, fagio magotini. Nilikuwa nimebakiza miti saba na kidogo.